Fuata njia ya nguvu: kuuchunguza mguu wa gurudumu la pua baada ya kutua kwa kishindo

Hotuba kwa wajenzi na marubani wa ndege ndogo za kujijengea. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu wajenzi, ndugu marubani, nanyi mnaoshika spana bila kushika usukani, karibuni.

Nianze na swali. Ndege imetua kwa kishindo, ikaruka mara mbili, ikatulia, ikaegeshwa. Rubani akashuka, akaizunguka. Mguu wa pua umesimama, tairi lina upepo, propela haikugusa chini. Je, ndege hiyo ni nzima?

Hamwezi kunijibu, na rubani naye hawezi. Alichokiona ni kwamba mguu haukuvunjika, basi. Kutovunjika ni jambo moja na kutoumia ni jambo jingine, na katikati ya mambo hayo mawili ndipo watu wanapopoteza ndege zao: hawazipotezi siku ile ya kishindo, bali wiki kadhaa baadaye, wakati wa kutua kwa kawaida kabisa, siku ambayo hakuna aliyekosea kitu.

Kwa hiyo leo nina neno moja la kuwaambia, na nitalirudia mpaka mlichoke: fuata njia ya nguvu. Anza pale tairi linapogusa ardhi, panda nayo kiungo kwa kiungo mpaka kwenye bodi ya ndege. Tairi, rimu, beringi, ekseli, uma, mhimili ambao uma hugeukia, mguu wenyewe, soketi na boliti zake, fremu ya kushikia injini au ukuta wa kuzuia moto ulio kati ya injini na chumba cha rubani, kisha mabati na ribiti nyuma yake. Kishindo kimepita kote huko. Kwa nini basi tunatazama mguu peke yake?

Tuelewe kwanza mguu wa nani unapokea nguvu kwa namna gani, maana ndege zetu hazifanani. Kwenye RV-6A, RV-7A na RV-9A, ndege za kujijengea za kampuni ya Van's Aircraft, mguu ni fito ya chuma iliyokomazwa kwa moto, nyembamba kadiri inavyoshuka, na fito hiyo ndiyo springi yenyewe. Sehemu yake ya juu imeingia kwenye soketi iliyochomelewa kwenye fremu ya injini, kwa hiyo kila pigo la gurudumu linakwenda moja kwa moja kwenye mabomba ya fremu. Kwenye CH 701 ya Zenith mguu ni bomba linaloteleza juu na chini, na kinachopokea kishindo ni kamba nene ya mpira. RV-10 inatumia vipande vya mpira vilivyopangwa kwa kubanana. Long-EZ ina mguu wa faibaglasi. Wengine wenu mna shokapu ya mafuta na gesi. Kila mmoja huumia kwa namna yake, na anayechunguza faibaglasi kama chuma, au mpira kama shokapu, atapita juu ya tatizo bila kuliona.

Sasa kisa cha kwanza, nacho kinajulikana na wengi wenu. Ndege hizo za RV nilizozitaja, gurudumu lao la pua halina usukani. Linageuka lenyewe, na rubani anaelekeza ndege kwa breki na pedali. Chini kabisa ya mguu, mbele ya tairi, kuna nati inayoushika uma. Gurudumu likiingia kwenye shimo au nyasi nene, ardhi inalivuta kuelekea nyuma. Fito inapinda kama springi inavyotakiwa kupinda, lakini inapopinda, ile nati inashuka. Ikishuka vya kutosha inagusa ardhi, na kuanzia hapo gurudumu halina kazi tena: ncha ya mguu inalima udongo, mguu unakunjwa chini ya tumbo, na ndege inaweza kuishia kichwa chini miguu juu. Mwezi Novemba 2007 Van's walitoa taarifa ya huduma yenye uma mpya na maelekezo ya kufupisha ncha ya mguu, ili nati ipate nafasi kubwa zaidi kutoka ardhini.

Angalieni fundisho la kiuchunguzi lililomo humo. Nafasi kati ya nati na ardhi ni kipimo cha afya. Mguu uliopinda nyuma kidogo tu, upindaji ambao jicho halioni, umeshakula sehemu ya nafasi hiyo. Kwa hiyo ndege hiyo itatua salama mara nyingi, mpaka siku itakapokutana na shimo ambalo zamani ingelivuka. Mnaona sasa kwa nini nasema ndege haipotei siku ya kishindo?

Basi tuingie kazini. Kabla ya kugusa chochote, zima swichi za magneto, vifaa vinavyoipa injini cheche, toa ufunguo, na itendee propela kama kwamba inaweza kuzunguka muda wowote. Kisha usioshe ndege. Narudia: usioshe. Udongo, nyasi zilizonasa, michubuko, rangi iliyobanduka, vyote hivyo ni ushahidi, na kitambaa chenye sabuni kinaufuta kwa dakika mbili. Piga picha kwanza. Nenda pia ulikotua ukatazame alama za tairi: je, la pua liligusa kabla ya yale makubwa? Kuna mfereji mwembamba katikati ya alama za tairi, kana kwamba kitu chenye ncha kimelima? Hapo umejua nati iligusa, hata kama mguu unaonekana umenyooka.

Kupandisha pua ni mahali ambapo watu huongeza uharibifu mpya juu ya ule wa zamani. Usiikalie mkia, usiukandamize kwa mikono kwenye bati wala kwenye mabawa ya mkia. Weka vizuizi vya mbao kwenye magurudumu makubwa, mbele na nyuma. Weka mifuko ya mchanga juu ya mahali penye fremu ya ndani ya mkia, ukitanguliza godoro jembamba, au funga uzito kwenye pete ya kufungia ndege. Ukiwa na winchi, inua kwa ndoano ya injini. Pua ikishapanda, weka stendi imara chini yake na nyingine chini ya mkia. Mtu asiingie chini ya pua iliyoshikiliwa na mchanga tu.

Pua ikiwa hewani, ondoa vifuniko vyote vya kukata upepo, vya gurudumu na vya mguu, na toa boneti ya injini. Huwezi kuchunguza kilichofunikwa. Sasa shika gurudumu kwa chini, lisukume mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, huku mwenzako ameweka kidole juu ya mpaka wa mguu na soketi. Kidole kinasikia mchezo mdogo ambao jicho haliwezi kuuona. Kidole kikisikia mguu unacheza ndani ya soketi, boliti imelegea au tundu limekuwa yai. Hamia kwenye uma, fanya vilevile. Hamia kwenye ekseli, fanya vilevile. Zungusha gurudumu kwa mkono: linazunguka laini, linakwaruza, au linasimama upesi? Gurudumu gumu linauvuta mguu nyuma kila unapotua, kwa hiyo beringi iliyobanwa kupita kiasi si kero ndogo. Ni sehemu ya nguvu ileile inayopinda mguu.

Tupande sasa kwa macho na tochi. Na tochi usiielekeze kama unavyomulika njia usiku. Ilaze, mwanga upite sambamba na bati, ndipo mkunjo utupe kivuli. Ukuta wa kuzuia moto uumulike hivyo kutoka mbele, kisha ingia ndani, lala kifudifudi chini ya pedali, uumulike kutoka nyuma. Angalia hasa pembe za chini, karibu na boliti za chini za fremu ya injini. Bati likibonyea kwa kidole na kurudi kwa mlio, ilhali zamani halikufanya hivyo, limeshanyooshwa au kukunjwa na nguvu.

Hapa kuna kisa cha pili, kutoka nje ya ndege zetu za kujijengea. Cessna 182 inajulikana duniani kote kwa jambo moja linalotafutwa na kila anayekagua ndege hiyo kabla ya kuinunua: mikunjo kwenye ukuta wa kuzuia moto. Pua yake ni nzito, na rubani asiyevuta usukani vya kutosha anaitua kwa gurudumu la mbele. Mguu wake ni imara, unavumilia. Ukuta ulio nyuma yake ndio unaojikunja. Ndege kama hiyo yaweza kuruka kwa muda mrefu huku mguu wake uking'aa. Sasa wewe uliyejijengea ndege nyepesi zaidi, kwa bati jembamba zaidi, utaamini kwamba mguu mzima maana yake ukuta mzima?

Ribiti nazo husema. Ribiti iliyolegea hutoa unga mweusi wa alumini unaojichora kufuata mkondo wa upepo. Mafundi wanasema ribiti inavuta sigara. Jaribu kuingiza geji nyembamba kabisa chini ya kichwa chake. Ikiingia, ribiti hiyo imeacha kushika.

Mabomba ya fremu ya injini yatazame kwa urefu, jicho likiwa kwenye ncha moja, kisha weka rula ya chuma ubavuni. Bomba lililobanwa kupita kiasi hujikunja kama upinde, mara nyingi katikati. Kwenye kila maungio, tafuta mstari mwembamba pembeni mwa weldi, pale weldi inapokutana na bomba, kwa kuwa joto la kuchomelea limebadilisha chuma hapo na ndipo nyufa hupenda kuanzia. Jihadhari na rangi ya unga iliyookwa. Inavutika. Chuma kinaweza kupasuka chini yake na rangi isionekane kuguswa, mpaka unyevu uingie na mstari wa kutu ujitokeze kama uzi wa kahawia. Ukiona uzi huo, usiukune ukaupaka rangi upya.

Halafu kuna dalili zinazoonekana ukiwa umesimama mbali. Nafasi kati ya boneti na koni ya propela imebadilika? Mlango au kifuniko cha vioo kimeanza kukwama? Hapa mtu hujitetea kwamba mipira ya injini imechoka. Inawezekana, mipira huchoka, lakini huchoka polepole na injini hushuka kidogo kidogo kwa miaka. Pengo lililobadilika kati ya safari ya jana na ya leo halikuletwa na uzee wa mpira.

Wenzangu, macho yana mwisho wake. Tukishamaliza kutazama, tunapima. Na anayepima bila kumbukumbu ya zamani anapima gizani, kwa hiyo wale ambao ndege zenu ni nzima leo, fanyeni kazi hii wiki hii: sawazisheni ndege kwa pimamaji, jazeni tairi upepo wa kiwango cha mbunifu, andikeni kiasi cha mafuta, kisha mpime na kuandika kwenye kitabu cha ndege nafasi kati ya ncha ya mguu na sakafu, umbali kutoka ekseli ya pua mpaka ekseli ya kila gurudumu kubwa, na pembe ya mhimili wa uma. Baada ya kishindo, rudieni vipimo hivyo katika hali ileile.

Namna ya kupima ni hii. Dondosha timazi kutoka katikati ya mkia na kutoka katikati ya ukuta wa kuzuia moto, tia alama sakafuni, uunganishe kwa uzi. Huo ndio mstari wa katikati wa ndege. Gurudumu la pua lielekeze mbele sawasawa, dondosha timazi kutoka katikati ya ekseli yake. Likiangukia pembeni mwa uzi, kitu kimepinda kwenda ubavuni. Kisha pima kwa tepu kutoka hapo mpaka ekseli ya kushoto na ya kulia. Urefu ukitofautiana kuliko ulivyokuwa, usikimbilie kuulaumu mguu wa pua. Huenda mguu mkubwa mmoja ndio uliosogea. Pima kila mguu mkubwa kutoka sehemu ya bodi isiyoweza kusogea, ndipo useme. Ukikosa kumbukumbu kabisa, tofauti yoyote inayozidi milimita 3 usiiache bila maelezo.

Mguu ukitolewa, chunguza peke yake. Fito au bomba lililonyooka liweke juu ya vigango viwili vya umbo la V, uguse katikati kwa geji yenye mshale, ulizungushe taratibu. Mshale unaopanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko unakuambia fito imepinda. Mguu wenye kona ya makusudi hauwezi kuzungushwa hivyo. Huo ulaze juu ya meza bapa; kama haukupindishwa ubavuni wala kusokotwa, utalala bila kuyumba, na ukiugeuza upande wa pili utalala vilevile. Kisha linganisha kona yake na mchoro wa mbunifu.

Mwelekeo wa kupinda unasimulia kilichotokea. Umepinda nyuma na nati ni safi? Ni kishindo au mvuto wa gurudumu. Umepinda nyuma na nati imechubuka, ina udongo kwenye hesi? Ncha iligusa ardhi, basi chunguza ndege yote kama iliyopata ajali. Umepinda ubavuni? Ndege iligeuzwa kwa kasi ikiwa ardhini au ilitua ikiwa imeenda mshazari. Vizuizi vya uma vimevunjika au kubonyea? Kuna mtu aliivuta kwa fimbo akaigeuza kupita mwisho wake, na uharibifu huo mara nyingi hutokea bandani, hakuna rubani ndani, hakuna anayejua.

Tuje kwenye nyufa, na hapa naomba tusiharakishe.

Chukueni mfano wa fundi aliyeona rangi imepasuka juu ya weldi ya soketi. Akachukua brashi ya waya kwenye drili, akasugua mpaka chuma kikang'aa kama kioo, akapaka rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye nyufa ili kuzionesha, akangoja, hakuona kitu, akaandika kwamba hakuna ufa. Amekosea wapi? Brashi ile imekokota chuma laini juu ya mdomo wa ufa na kuuziba. Rangi haikuwa na pa kuingilia. Ufa upo palepale, na sasa una cheti cha afya.

Njia sahihi ni kuondoa rangi kwa dawa ya kubandua, si kwa msasa wala waya. Safisha grisi kwa kiyeyusho, uache pakauke kabisa, maana ufa uliojaa kiyeyusho haunywi rangi. Chuma kisiwe baridi chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi. Paka rangi nyekundu ya kupenya, ngoja kati ya dakika 10 na 30 bila kuiacha ikauke. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa kilichonyunyiziwa kiyeyusho kidogo. Usipulize kiyeyusho moja kwa moja kwenye chuma; utaiosha rangi hata ile iliyomo ndani ya ufa. Puliza unga mweupe kwa tabaka jembamba, ngoja dakika 10, tazama tangu dakika ya kwanza. Ufa hujichora mstari mwekundu mkali. Doa linalotanuka bila umbo mara nyingi ni uchafu au tundu la weldi. Safisha, rudia, ndipo uamue.

Rangi hiyo huona ufa uliofunguka juu tu. Kwa chuma, uchunguzi wa sumaku ni bora zaidi, kwani huona hata ulio karibu chini ya uso. Mpelekee mwenye vifaa na ujuzi. Ila hakikisha mguu unaondolewa sumaku kabla ya kurudi kwenye ndege, vinginevyo dira yako itadanganya. Alumini haikubali njia hii.

Faibaglasi nayo ina njia yake. Gonga kwa ukingo wa sarafu, sentimita kwa sentimita. Sauti kavu inayolia ni nzima. Sauti iliyokufa, ya bubu, ni tabaka zilizoachana. Weka tochi nyuma yake pale panapopenya mwanga, utafute weupe ambao haukuwepo. Na kamba ya mpira ya CH 701: tafuta nyuzi zilizokatika kwenye ganda, sehemu iliyonenepa au kunywea, na umri wake. Kamba za daraja la ndege zina nyuzi za rangi kwenye ganda zinazoonesha mwaka na robo ya mwaka ilipotengenezwa. Kuna anayezisoma?

Shokapu ya mafuta nitaipita haraka. Ikishuka polepole ndege ikiwa imeegeshwa, gesi inavuja. Ikirusha pua juu kama mpira na kutotuliza mruko, mafuta yamepungua. Kuongeza gesi ili isimame wima bila kuangalia mafuta ni kuficha ugonjwa. Toa gesi yote kwanza, kabla ya kufungua chochote kingine, kisha jaza mafuta kama kitabu kinavyosema. Tazama pia fimbo yake inayong'aa: mkwaruzo mmoja unakata sili.

Sasa sababu. Ukikuta ufa kwenye ndege ambayo haikupata kishindo, uliza kuhusu gurudumu kuchezacheza. Linapotikisika kushoto na kulia kwa kasi fulani, mguu unapindwa mara nyingi sana kwa sekunde chache, na chuma huchoka. Rubani husema, "Linatetemeka kidogo likishuka kasi, baadaye linaacha." Usilikubali jibu hilo. Kagua upepo wa tairi, usawa wa uzito wake, beringi, mchezo wa ekseli, na msuguano wa uma. Kwenye RV-7A na RV-9A, ukifunga mizani ya kuning'iniza kwenye ekseli na kuvuta kwa pembe mraba, uma unatakiwa kugeuka kwa nguvu ya pauni 22, yaani takriban kilo 10. Washa, yaani pete za chuma zinazotoa msuguano huo, huchakaa na kulala, kwa hiyo kipimo cha mwaka jana si cha leo. Na kwenye ndege zenye fimbo za usukani, mchezo mdogo wa kila ncha ya fimbo hujumlishwa: vinne vidogo vinatengeneza kimoja kikubwa.

Tumechunguza, tumepata. Tufanye nini? Mguu wa chuma kilichokomazwa ukipinda, unabadilishwa. Hauchomwi moto, haunyooshwi kwa presi. Moto unaondoa ukomavu, na presi inakirudisha chuma mahali pake kikiwa kimeshatumia sehemu ya uhai wake. Kwa macho utanyooka, lakini kwa nguvu hautakuwa tena mguu uliobuniwa. Najua mguu mpya ni gharama na kusubiri. Bado nasema ubadilishwe.

Boliti zibadilishe zote za njia hiyo, hata zinazoonekana nzuri. Ukitaka kujua kwa nini, iviringishe boliti ya zamani juu ya kioo utazame mwanga chini yake, iliyopinda itacheza. Pima tundu kwa kalipa pande mbili, juu-chini na kushoto-kulia. Likiwa yai, usilitanue bila kauli ya mbunifu, kwa sababu chuma kinachobaki mpaka ukingoni huenda kisitoshe. Kwa kawaida tunataka kutoka katikati ya tundu mpaka ukingoni ipatikane angalau mara mbili ya kipenyo cha boliti. Nati yenye nailoni inayoingia kwa vidole tu itupwe. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kufuatana na namba ya boliti ya ndege: AN4 inchi-pauni 50 hadi 70, AN5 100 hadi 140, AN6 160 hadi 190, hesi zikiwa kavu, na uongeze ukinzani wa nati yenyewe, isipokuwa pale mbunifu alipotoa namba yake. Boliti ya ekseli isikazwe kwa jedwali hili. Hiyo inafuata beringi.

Na propela. Ikiwa iligusa, hata kama ni nyasi zilizoifanya injini ipoteze mizunguko, uchunguzi umeshavuka mguu. Watengenezaji wa injini Lycoming na Continental wote wana taarifa za huduma kuhusu propela iliyogonga, na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo namba 2004-10-14 kuhusu gia ya nyuma ya kranki, mhimili wa injini unaozungusha propela, ya injini za Lycoming baada ya tukio hilo. Kupima kama kranki inazunguka sawa hapo mbele hakukuambii chochote kuhusu ile gia ya nyuma. Ninyi mnaoruka kwa kibali cha majaribio mnaweza kusema agizo haliwabani. Je, gia inajua ndege yako ina kibali gani?

Baada ya matengenezo, tia alama ya rangi kwenye kila nati. Tembeza ndege ardhini polepole, kisha kwa kasi, usukani ukiwa umevutwa nyuma. Rudi bandani, tazama alama kama zimehama, pima tena nafasi ya nati na sakafu. Ruka, tua mara chache, pima tena. Vipimo vikitulia, andika kitabuni: kilichotokea, kilichopatikana, kilichobadilishwa, namba zote za kabla na baada. Mguu wa zamani uutie alama ya msumeno usije ukafungwa kwenye ndege ya mtu mwingine.

Meza iliyo nyuma ina vigango vya V, geji na miguu miwili, mmoja mzima na mmoja uliopinda. Sitawaambia upi ni upi. Njooni mpime, maswali tutayajibu hapohapo.